Jibu: Mpira wa kitako cha .375 ya babu

Mkuu, umeuliza ununue mpira gani wa kupunguza kishindo begani, badala ya ule uliokauka kwenye kitako cha bunduki ya babu ya .375 (kipimo cha risasi yake). Kabla ya kununua, pima kwanza. Hakikisha bunduki haina risasi, kisha pima kutoka traiga hadi katikati ya mwisho wa kitako, pamoja na huo mpira uliokauka. Urefu huo kwa wengi huangukia karibu inchi 13.5 hadi 14. Andika pia unene wa mpira wenyewe. Ukinunua wa unene uleule, hakuna haja ya kukata mbao, na mbao ya Holland & Holland (watengeneza bunduki wa Uingereza) ya zamani sikushauri uiguse na msumeno hata kidogo. Ikishakatwa, mnunuzi yeyote anayejua ataiona, na thamani inashuka.

Kwa sura, mpira wa aina ya Silvers, mwekundu, ndio unaofanana na bunduki za Kiingereza za enzi hizo. Ila ni mgumu kiasi, bega litajua. Mimi ningeweka aina nyingine ya mpira, Pachmayr Decelerator ya muundo wa Old English: inameza kishindo vizuri zaidi na haionekani ngeni kwenye bunduki ya kale.

Chukua mkubwa kuliko kitako, usagwe hadi ulingane. Hapo mpelekee fundi mwenye leseni. Wa kwangu wa kwanza nilijisagia mwenyewe nikakwangua vanishi, nikajuta. Mwambie azungushie mbao utepe, na aangalie mashimo ya skrubu za zamani kabla ya kutoboa mapya.

Mpira wa babu usitupe. Uweke kwenye bahasha pamoja na skrubu zake.