Tumechanga laki nne na nusu, tufungue redio ya chuo?

SWALI
Shikamoo Shangazi. Nasoma mwaka wa pili, chuo kimoja hapa Tabora. Tuko tisa, darasa moja, tunataka kuanzisha redio yetu wenyewe, na wengine wanasema tuunganishe na televisheni kabisa. Tumechanga laki nne na nusu. Fundi mmoja wa Isevya anasema atatutengenezea transimita itakayosikika mpaka Ipuli. Mkuu wa chuo bado hajui, tunataka tumfanyie sapraizi. Tuanzie wapi?
Mwanafunzi, Tabora

JIBU
Marahaba mwanangu. Anzieni kwa mkuu wa chuo. Sapraizi ya transimita inaweza kuwafikisha polisi. Kurusha matangazo hewani bila leseni ya TCRA, yaani Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, ni kosa kwa Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010, hata kama mnapiga taarabu tu na kutakiana heri ya kuzaliwa. Na msidhani intaneti ni mlango wa uani: tangu 2018 kuna kanuni za maudhui ya mtandaoni, nazo zinadai leseni. Redio za vyuo mnazozijua, kama ile ya Mlimani au ya SAUT kule Mwanza, zimebebwa na chuo kizima, si watoto tisa wa darasa moja.

Televisheni iacheni. Hela hiyo haitoshi hata taa.

Redio lakini mnaiweza, na mnara hamuuhitaji. Mwaka 1936, Chuo Kikuu cha Brown kule Marekani, wanafunzi walitandaza waya bweni hadi bweni, wenzao wakawa wanasikiliza vyumbani. Nyie mna bwalo. Tafuteni mikisa ndogo ya kuchanganya sauti, maikrofoni mbili za waya na spika mbili, vyote vya mtumba, na amplifaya. Nusu saa ya chakula cha mchana, siku tatu kwa wiki. Saa ile mtu ana sahani mbele yake, hana pa kukimbilia. Ila muziki punguzeni, kila mmoja anao kwenye simu. Waambieni bumu, ile hela ya mkopo ya kujikimu, limeingia au bado, ratiba ya sapu, mitihani ya marudio, imebandikwa wapi, maji bwenini yatarudi lini. Mhojini mpishi. Mpishi wa chuo ana habari kuliko serikali ya wanafunzi.

Mimi nilikuwa kwenye redio ya namna hiyo, chuoni Kigoma, enzi za kaseti. Siku moja ya zamu yangu nikaweka kaseti ya dakika 90, upande mmoja 45, nikafunga chumba, ufunguo mfukoni, huyoo soko la Mwanga kutafuta migebuka. Nyuma kaseti ikamezwa. Bwalo zima likala maharage likisikiliza sauti kama ya mbuzi anayevutwa kamba, na ufunguo ulikuwa mmoja tu, ninao mimi, nabishana bei ya samaki. Nilirudi na migebuka yangu nikakuta mlango umeng'olewa bawaba. Basi, ufunguo wa pili ukae kwa mlezi wenu.

Lakini redio yetu haikufa kwa kaseti ile, ilikufa sisi tulipomaliza. Tulikuwa wote wa mwaka mmoja, kama nyie. Tulijua wenyewe waya upi unaenda wapi, hatukumwonyesha mtu, tena tulijivunia. Nilipopita pale baadaye, chumba kilikuwa kimejaa vitanda vibovu. Kwa hiyo kabla ya kununua hata plagi, tafuteni wa mwaka wa kwanza wanne, na zamu za mikisa wapeni wao tangu wiki ya kwanza, waharibu mkiwa bado mpo.

Fundi wa Isevya msimwache. Mwambieni transimita aiache, awatengenezee amplifaya. Mpeni nusu ya ujira wake, nusu nyingine mkiisikia inalia ndani ya bwalo lenyewe, si kibandani kwake.