Umeuliza miezi, nakujibu siku

Mwanangu,

Salamu toka hapa Katuba. Umeuliza mdogo wako akae miezi mingapi kwenye ile nyumba ya wanaume wanaoacha pombe, 3 au 6, ili upange franka za kutuma toka Kolwezi. Miezi tutaifikia. Kwanza siku 4.

Nyumba haimpokei mtu anayetetemeka bado. Haina daktari, ina vitanda, jiko na wanaume wenzake. Aliyekunywa lutuku, pombe kali ya kienyeji, kila siku kwa miaka, akikata ghafla, mikono inaanza kutetemeka ndani ya saa 6 hadi 24. Kifafa kinaweza kumshika katika siku 2 za kwanza. Kati ya siku ya pili na ya nne wengine wanaona vitu visivyokuwapo, joto linapanda, moyo unakimbia, na wapo wanaokufa. Kwa hiyo anaanzia hospitali: diazepam, dawa ya kutuliza, inayopunguzwa siku kwa siku, na sindano ya vitamini B1 kabla ya serumu ya sukari, ile chupa ya maji ya mshipani. Ukiona sukari inatundikwa kwanza, uliza. Mnywaji wa muda mrefu ana B1 kidogo sana, sukari inaimaliza, na ubongo ndio unaoharibika.

Na ule mstari wako wa mwisho, kwamba akikataa shemeji zako wamfungie: usimfungie. Unaikumbuka depo ya makala, makaa ya kupikia, nyuma ya lupango, uwanja wa nyumba yetu. Wakubwa walisema siku 3 za maji na bukari, yaani ugali, zitamrudisha mjomba wako. Usiku wa pili alikuwa anaokota siafu ukutani, mmoja mmoja, anawatia kwenye kikopo cha nyanya, na ukuta ulikuwa mtupu. Alfajiri akaanguka, akajiuma ulimi. Watu wakaomba, wakisema ni pepo. Gari lilitafutwa jua limeshatoka. Walimpenda, hilo silikatai. Lakini ufunguo ulikuwa mfukoni mwa mtu, na mtu huyo alikuwa amelala. Hapana, walimpenda kweli. Usimfungie tu.

Akishatulia ndipo anaingia. Begi linakaguliwa mlangoni: marashi na dawa ya kikohozi yenye alkoholi vinabaki hapo. Asubuhi kuchota maji, kisha zamu ya jikoni, jioni kikao ambapo kila mmoja anaeleza siku yake ilivyokwenda. Nyumba haitafuti faida, ila unga na makala vinanunuliwa. Mchango mpe mweka hazina, usiupitishe mkononi mwa mdogo wako. Tukimtembelea Jumapili, tusimwachie hata nauli.

Sasa miezi. Marekani zipo nyumba ziitwazo Oxford House, tangu 1975: wakaaji wenyewe wanalipa pango na kupiga kura, na hakuna kikomo. Unakaa maadamu hunywi na unalipa; ukinywa, unatoka. Ningependa hivyo. Lakini mke wake ana watoto na anasema miezi 3 yatosha, naye ndiye anayelala na njaa. Ila wengi wanaanguka siku ya mshahara wa kwanza, au kwenye kilio chupa zinapozunguka, na miezi 3 ni vilio vichache mno vya kujaribiwa. Sikupangii pesa zako. Tuma za 3, na za mwezi wa nne uziweke karibu.

Ukimpigia leo, usimwambie akate pombe. Jumatatu asubuhi nampeleka hospitali mwenyewe. Atakuwa amekunywa, na asione haya mbele yangu.

Mama yako