Baba ana moyo mpana: ameze Q10 na vitamini E?

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni mwalimu wa baiolojia. Baba yangu, miaka 68, ameambiwa moyo umetanuka na EF (sehemu ya damu ya moyo inayosukumwa nje kwa kila pigo) ni asilimia 30. Anameza kavedilolo, enalaprili, spironolaktoni, furosemidi na warfarini ya kuzuia damu kuganda. Dada amemletea kutoka Dubai kopo la koenzaimu Q10 na jingine la vitamini E, anasema ni antioksidanti za kulinda moyo. Mnyororo wa elektroni, njia ambayo seli hutengenezea nishati, naufundisha darasani, hivyo hoja naielewa. Je, kwa mgonjwa zinasaidia? Na kama zote ni antioksidanti, si yoyote itafaa?

JIBU: Marahaba, mwalimu. Hapana, si yoyote. Vitamini E iwekeni kando. Katika utafiti wa HOPE-TOO, uliochapishwa 2005, watu wenye maradhi ya mishipa au kisukari walipewa uniti 400 kwa siku kwa takriban miaka saba. Haikuwakinga na mshtuko wa moyo wala saratani, na walioimeza ndio waliopata zaidi tatizo la moyo kushindwa kuliko waliopewa kidonge kisicho na dawa.

Q10 ina kazi nyingine, nayo unaijua: hupokea elektroni kutoka kompleksi (kundi la protini la mnyororo huo) ya I na ya II na kuzifikisha kwenye ya III. Kwenye moyo kazi hiyo ni nzito mno. Moyo hutumia zaidi ya kilo 6 za ATP, molekuli inayobeba nishati ya seli, kwa siku, ilhali akiba iliyomo ndani ya seli ingeisha kwa sekunde chache tu kama utengenezaji ungesimama. Ndiyo maana mitokondria, viwanda vya nishati vya seli, zimejaa karibu theluthi moja ya seli ya msuli wa moyo, zikichoma zaidi asidi za mafuta. Moyo unapodhoofika, fosfokreatini, inayopeleka nishati kutoka mitokondria hadi kwenye nyuzi za msuli, hushuka mapema. ATP yenyewe hufuata baadaye, na ugonjwa ukishakomaa hupungua kwa kiasi cha asilimia 30.

Radikali huru, molekuli korofi zinazodhuru seli, huzaliwa hapo hapo. Mnyororo ulioharibika huvujisha elektroni, oksijeni inazidaka na kuwa superoksidi, nayo inaharibu utando na DNA ya mitokondria, basi uvujaji unaongezeka. Kuzidaka radikali zikishazaliwa, kama antioksidanti zinavyofanya, hakuurudishi mnyororo kazini, na kwa kiwango kidogo seli huzitumia kama ishara. Kwa maoni yangu, kama Q10 inasaidia, ni zaidi kwa sababu ya kubeba elektroni.

Inasaidia? Utafiti wa Q-SYMBIO wa 2014 uliwafuatilia wagonjwa 420 kwa miaka 2, nusu wakimeza miligramu 100 mara tatu kwa siku juu ya dawa zao. Waliopatwa na matukio mabaya ya moyo walikuwa asilimia 15, dhidi ya 26 upande wa pili. Wiki ya 16 tofauti ilikuwa bado haijaonekana, kwa hiyo anayekuahidi nafuu ndani ya mwezi anauza maneno. Matokeo yanatia moyo, ila watu 420 ni wachache. Siwezi kuyapa uzito sawa na ya dawa anazotumia mzee.

Dawa hizo nazo zinagusa nishati. Kavedilolo huupunguzia moyo kazi, na matumizi ya ATP yanashuka. Njia ya kinyume ilishajaribiwa: milrinoni ya kumeza iliulazimisha moyo dhaifu usukume kwa nguvu, na utafiti wa PROMISE wa 1991 ukaonyesha vifo vimeongezeka.

Kinachonitia wasiwasi ni warfarini. Umbo la Q10 linafanana na la vitamini K, na kuna wagonjwa ambao INR yao (kipimo cha muda wa damu kuganda) ilishuka walipoianza Q10, yaani warfarini ilipungua nguvu. Asimeze kabla kliniki haijajua. Akikubaliwa, INR ipimwe ndani ya wiki moja au mbili, na ameze pamoja na chakula chenye mafuta, la sivyo nyingi itapita tumboni bure.

Halafu, katika orodha yake sioni dapagliflozini wala empagliflozini, dawa za kisukari zinazotumika pia kwa moyo. DAPA-HF ya 2019, yenye wagonjwa 4,744 wa EF ya chini kama yake, ilionyesha dapagliflozini inapunguza vifo na kulazwa, hata kwa wasio na kisukari. Muulizeni daktari wake kama figo na presha vinaruhusu. Kama fedha inatosha kitu kimoja tu, mimi ningenunua hiyo kabla ya kopo la pili la Q10.