Kupiga picha maporomoko ya maji ya Kilimanjaro: kwa wanaoanza

Swali la kwanza la wanaoanza huwa ni kamera gani wanunue. Kwa maporomoko ya upande wa kusini wa Kilimanjaro, yaani Materuni kule Uru, Kinukamori na Kilasiya kule Marangu, kamera yoyote inayokuruhusu kupanga mwenyewe spidi ya shata, yaani muda ambao kamera hupokea mwanga, inatosha. Hata simu yenye modi ya pro, inayokuachia upange mwenyewe, itakufaa, mradi uiegemeze vizuri kwenye jiwe. Picha nyingi huharibika kwa sababu mpigaji hakuusoma mwanga, wala hakuyatazama maji kabla ya kufungua begi.

Watalii huomba jua. Wewe omba mawingu. Juni na Julai, Moshi mara nyingi huamka imefunikwa, watu wanalalamikia baridi, na huo ndio mwanga bora kabisa wa maji: povu halichomeki likawa doa jeupe, na mwamba mweusi unaonekana hadi nyufa zake. Jua kali likiingia korongoni, nusu ya picha huungua na nusu huzama gizani.

Mito ya upande huu hushuka kuelekea kusini, kwa hiyo ukisimama chini ya maporomoko mara nyingi unatazama kaskazini. Mwezi Desemba jua la mchana hupita kusini mwetu, likakaa mgongoni mwako na kuumulika ukuta wa mwamba. Mwezi Juni hupita kaskazini, nyuma ya ukuta, na korongo hubaki kivulini muda mrefu zaidi. Ukiutaka upinde wa mvua kwenye manyunyu, utafute upande kinakoelekea kivuli chako, na uwahi. Jua likishapanda zaidi ya nyuzi 42 upinde hushuka chini ya usawa wa macho yako, na huku kwetu hilo hutokea kati ya saa tatu na saa nne asubuhi.

Sasa shata. Siku hizi kila mtu anataka maji yaonekane kama pamba, basi wanaacha shata wazi sekunde kumi au zaidi. Mimi siipendi mbinu hiyo. Maporomoko yana nguvu, na picha inapaswa kuibeba. Baada ya masika, maji yakiwa mengi, jaribu kati ya sehemu moja ya nane ya sekunde na nusu sekunde. Utapata ulaini lakini nyuzi za maji bado zitasomeka. Wakati wa kiangazi, maji yakiwa membamba, nenda sekunde moja hadi mbili. ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) iwe 100, apacha (tundu la lenzi) f/8 au f/11. Usikimbilie f/22 ili kupunguza mwanga, kwa sababu tundu dogo mno hupunguza ukali wa picha nzima. Mwanga ukizidi, tumia filta ya ND, kioo cheusi cha kupunguza mwanga.

Ukiwa na fedha ya filta moja tu, nunua polaraiza, filta inayokata mng'ao. Mawe yaliyolowa na majani ya migomba hung'aa vibaya. Izungushe taratibu huku ukitazama, utaona kijani kinarudi. Nayo pia hupunguza mwanga, hivyo inakusaidia mara mbili.

Kamera ikiwa juu ya stendi, zima kitulizi cha mtikisiko, kisha weka taima ya sekunde mbili ili kidole chako kisiitikise. Punguza mwanga kidogo, piga kwa RAW, yaani faili ghafi ambalo kamera haijalichakata. Beba vitambaa kadhaa vya kufutia lenzi: pale Materuni manyunyu hukufikia ukiwa bado mbali, na tone moja tu katikati ya lenzi linatosha kuiharibu picha.

Mtu mmoja akisimama karibu na maji hukupa kipimo cha urefu. Muombe kwanza, hasa anayeoga.

La mwisho ni usalama, na hapa sibembelezi. Ukanda wa msitu hupata mvua nyingi kuliko mjini, kwa hiyo Moshi kunaweza kuwa na jua huku mto ukijaa kule juu. Muulize mwenyeji anayekuongoza jana kulikuwaje. Usiweke stendi katikati ya mto mahali ambapo huwezi kutoka kwa hatua chache. Maji yakigeuka kahawia, au yakianza kubeba majani na vijiti ambavyo dakika tano zilizopita havikuwepo, nyanyua stendi ikiwa bado imefunguliwa, upande juu mara moja.