Lebo Isiyochubuka kwa Kidole

Mdogo wangu unayeanza kazi hapa Nasser Road, mtaa wa wachapishaji jijini Kampala, siku si nyingi atakujia mteja ameshika chupa ya asali, anataka lebo. Kabla hujagusa kompyuta, soma pakiti ya karatasi. Kama si ya printa ya leza, iache. Printa hiyo hutumia tona, ambayo ni unga wa plastiki. Haikauki kama wino, bali huyeyushwa na rola zenye joto linaloweza kukaribia nyuzi 200 za Selsiasi. Gundi ya lebo isiyotengenezwa kwa joto hilo hulainika, ikavujia rola.

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo wengi wanapoharibu. Lebo ni nene: kuna uso, gundi, na karatasi ya nyuma. Ukiiambia printa kuwa ni karatasi ya kawaida, itaipitisha mbio na joto halitaingia vya kutosha. Itatoka inapendeza, utafurahi. Pitisha kidole gumba juu ya jina la asali: kidole kimekuwa cheusi, herufi zimebaki nusu. Nenda kwenye mipangilio, kwenye aina ya karatasi chagua lebo. Printa itapunguza mwendo, na nyingine huongeza joto. Usione inachelewa ukadhani imekwama. Pitisha kidole tena. Nina hakika utaona tofauti.

Tumia trei ya mkono, ile ya kuingizia karatasi kwa mkono, na kama printa ina mlango wa nyuma, ufungue ili karatasi itoke bila kukunjwa. Mvua za Machi hadi Mei zikianza, usiache pakiti wazi usiku kucha. Karatasi iliyonyonya unyevu hujikunja na tona haishiki sawasawa.

Vipimo navyo: chapisha kwa asilimia 100, usikubali programu ipunguze ukurasa. Kwenye A4 yenye lebo 24 za milimita 70 kwa 37, ukipunguza kwa asilimia 3 tu, safu ya juu na ya chini zinahama karibu milimita 4. Jaribu kwanza kwenye karatasi ya kawaida, uiweke juu ya lebo, uinue kwenye mwanga wa dirisha.

Na karatasi iliyobanduliwa lebo hata moja usiirudishe kwenye printa. Mimi niliirudisha, nikitaka kumwokolea bosi karatasi. Lebo ya jirani ikabanduka ndani, ikajizungusha kwenye rola, na rola ile haikupona.