Nimeokoka au nimeokolewa?

Swali: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mwimbaji wa kwaya hapa Mbeya. Majuzi kwenye kikao cha ukoo nilijitambulisha kama tulivyozoea kanisani: "Bwana Yesu asifiwe! Nimeokoka, nampenda Yesu." Baba mdogo, ambaye ni mwalimu mstaafu wa Kiswahili, akanikatiza: "Umeokoka mwenyewe? Mtu hajiokoi. Sema nimeokolewa." Watu wakaangua kicheko, nikakaa. Je, miaka yote hii tunakosea? Na hili neno "mlokole" ambalo wananiita, ni Kiswahili kweli?

Jibu: Marahaba, dada. Baba mdogo yuko sahihi kwamba mtu hajiokoi, kwa imani yenu angalau. Tatizo ni kwamba "nimeokoka" haijawahi kusema hivyo.

Sikiliza jozi hizi: ng'oa na ng'oka, bomoa na bomoka, chomoa na chomoka, pasua na pasuka, okoa na okoka. Upande wa kwanza yupo mtenda anayefanya jambo kwa kitu. Upande wa pili tunatazama kile kitu chenyewe na yaliyokipata, basi. Mtoto akija mbio kukuambia "jino limeng'oka", humuulizi kama jino limejing'oa. Labda bibi kalifunga uzi akalivuta, labda limedondoka kwenye muhindi wa kuchoma. Kitenzi kimenyamaza kuhusu mtenda, na kunyamaza si kukana.

Kiswahili kikitaka kusema mtu kajitendea, kina kiambishi chake, nacho ni -ji-. Chukua mfano wa huko kwenu. Mashua imepinduka Ziwa Nyasa, watu watatu wakafika nchi kavu wakiwa hai. Wa kwanza aliogelea hadi Matema: huyo amejiokoa. Wa pili alivutwa na wavuvi: ameokolewa. Wa tatu alikutwa asubuhi amelala mchangani, hakuna ajuaye alifikaje. Sasa mtu akipiga simu kuuliza, "Wameokoka wangapi?" utajibu watatu, na hutamwacha nje yule aliyevutwa na wavuvi. Okoka inawachukua wote. Kwa hiyo aliyeokolewa ameokoka pia. Hakuna ugomvi kati ya maneno hayo mawili. Neno ambalo baba mdogo alikuwa analipiga vita ni kujiokoa, nawe hukulitamka.

Waliotafsiri Biblia ya Union, ile ya 1952 ambayo wengi wenu bado mnaibeba Jumapili, waliitumia tofauti hii kwa ufundi. Mlinzi wa gereza kule Filipi anauliza afanye nini "nipate kuokoka", naye anajibiwa, "Mwamini Bwana Yesu, nawe utaokoka pamoja na nyumba yako" (Matendo 16). Lakini Waefeso 2:8 inasema "mmeokolewa kwa neema". Matendo 4:12, panapotajwa jina, ni "kuokolewa kwalo". Katika Kigiriki, sehemu zote hizo kitenzi ni kilekile kimoja na kiko katika kauli ya kutendwa. Mafasiri wangeweza kuandika okolewa kote, wala hakuna ambaye angewalaumu. Ninavyoona mimi, walisikiliza lugha: macho yakiwa kwa mtu na hatima yake, waliandika okoka, neema au jina likitajwa kama njia ya wokovu, okolewa likapata nafasi yake. Mlinzi wa gereza mwenye upanga mkononi usiku wa manane hana muda wa kuchambua mtenda. Anataka kupona.

Kuna mahali pamoja ambapo ningemuunga mkono baba mdogo bila kusita. Nimewasikia wahubiri wakisema "nimeokoka na Yesu". Hapana. Kauli hii haimpokei mtenda kwa "na". Ukimtia, "na" inageuka kuwa "pamoja na", na umetuambia kwamba Yesu naye alikuwa anazama. Ukitaka kumtaja aliyekuokoa, hapo ndipo useme "nimeokolewa na Yesu".

Na -me- yako nayo ina kazi. "Niliokoka mwaka 2009 kwenye mkutano wa injili" ni tukio lenye tarehe. "Nimeokoka" ni hali ambayo ungali nayo, kama nimevaa, nimesimama, nimeolewa. Ndiyo maana mtu akisema "mimi niliokoka zamani", wenzake wa kanisani hutazamana kidogo, maana wanasikia harufu ya kurudi nyuma.

Tuje kwenye mlokole. Limetoka Uganda. Kwa Kiganda *abalokole* ni waliookoka, na hata sikio lisilosoma isimu linausikia undugu na okoa yetu. Ile l haikutupotea kabisa: okoa haina, okolewa inayo, kama vile toa na tolewa. Neno lilisafiri na uamsho ulioanza miaka ya 1930 Gahini, Rwanda, na Uganda, ukaingia kwetu kupitia Bukoba na ukafika Kenya na Burundi pia. Walokole wa kwanza wengi walikuwa Waanglikana na Walutheri waliobaki palepale kwenye makanisa yao, wakiungama dhambi hadharani na kurudisha vitu walivyoiba. Leo mjini neno hilo lina utani ndani yake: msichana akikataa bia kwenye harusi, tayari ni mlokole. Ni Kiswahili, ndiyo. Lilikuja na wageni likapewa ngeli na viambishi, na sasa tuna ulokole na kilokole. Wakikuita hivyo, wewe ndiye unayejua kama ni sifa au ni kejeli, kamusi haitakusaidia.

Kwa kuwa uko kwaya, nikuombe kazi moja. Angalieni mabango yenu. Nimeona kubwa limening'inizwa juu ya barabara: "Semina ya vijana waliokoka." Hiyo ni sentensi nzima, "vijana walipata kuokoka", si maelezo ya vijana ni wa aina gani. Mnataka o mbili, moja ya urejeshi na nyingine ya mzizi: waliookoka. Kwa mtu mmoja ni aliyeokoka. Mchoraji wa mabango akilalamika kwamba nafasi haitoshi, punguzeni picha ya mhubiri.