Dudumizi au tipitipi? Analia au anaimba?

SWALI: Kuna ndege ajifichaye vichakani ambaye mlio wake ni mzito, unashuka kwa haraka kama maji yanayomiminika kutoka kwenye chupa yenye shingo nyembamba. Wengine humwita dudumizi, wengine tipitipi. Je, ni ndege mmoja? Na tuseme analia, anaimba au anawika?

JIBU: Ni huyo huyo mmoja. Majina yote mawili ni ya Kiswahili, na atumiaye moja hana haja ya kumsahihisha atumiaye jingine. Mimi katika maandishi huchagua dudumizi. Litamke polepole, du-du-mi-zi, utasikia ule uzito wa mlio wenyewe. Tipitipi ni jina jepesi mno kwa sauti nzito namna ile.

Mlio ulioueleza unatosha karibu kumtambua, lakini ukibahatika kumwona hutabaki na shaka. Ana kichwa cheusi, na juu ya jicho jekundu umepita mstari mweupe kama nyusi. Shingo na mgongo vina michirizi myeupe, mabawa ni ya rangi ya kahawia iliyoiva wekundu, kifua na tumbo ni vyeupe vyeupe, na mkia ni mrefu na mpana. Harukii mbali: huinuka kizito, akaruka kidogo, akajitumbukiza tena kichakani. Mara nyingi wawili huitikiana, mmoja akianza kabla mwenzake hajamaliza. Husikika zaidi majira ya mvua, ndiyo maana watu wengi husema anaita mvua. Jina dudumizi hutumika pia kwa jamaa zake wa karibu, kwa hiyo ukitaka kumtaja huyu peke yake, sema dudumizi mwenye nyusi nyeupe.

Sasa kitenzi. Kulia ndicho kitenzi cha ndege wote, na hakina huzuni yoyote ndani yake. Nasikitika ninaposoma habari za ndege ambamo kila mmoja "anaimba", hata kunguru na bundi. Kuimba tumwachie ndege mwenye sauti ya kupandishwa na kushushwa kwa madaha, kama chiriku. Kuwika ni kwa jogoo, na kutetea ni kwa kuku, hasa akishataga. Dudumizi analia, na kinachosikika ni mlio wake. Ukisema sauti yake hujakosea, ila mlio ni neno mahususi zaidi.

Swali lako halikugusa upatanisho, lakini hapa ndipo makosa yanapozidi. Katika mazungumzo husikika "ndege zinalia mtini". Msomaji makini ataanza kutafuta ndege za abiria huko mtini! Ndege mwenye uhai huandamana na a- na wa-: ndege huyu analia, ndege hawa wanalia, ndege wangu, mkia wa ndege yule. Ndege ya kusafiria ndiyo inayoandamana na i- na zi-: ndege hii inatua, ndege hizi zinatua. Dudumizi naye hufuata kanuni hiyo ya viumbe wenye uhai, na umbo la jina lake halibadiliki katika wingi: dudumizi mmoja amelia, dudumizi wawili wamelia.